Jani Lililoliwa na Kuzumburu

Mvua za vuli zilipotukataa, bustani yetu ya mchicha hapa Butiama ilikauka mpaka udongo ukapasuka. Katika boma letu lote kilibaki kitu kimoja tu cha kijani. Ulikuwa mti mdogo wa maua uliosimama kando ya bafu. Binti yangu Matrida aliuleta kutoka Nyasura, kule Bunda alikoolewa, ukiwa bado tawi lililofungwa kwenye kitambaa kibichi. Maji ya kuogea yalitiririka hadi shinani mwake, kwa hiyo haukujua kwamba kuna ukame. Majani yake yalikuwa mapana na laini kama ya boga, na maua yake meupe yaliinamia ardhi kama kengele ndefu. Jioni yalinukia sana hata mtu aliyekaa karibu alihisi kichwa kizito.

Tawi hilo alipewa na jirani yake wa Nyasura, fundi cherehani aitwaye Fatu. Fatu alimweleza kwamba kila akiupunguza mti huo hunawa mikono kwa sabuni, kwa sababu siku moja alijipangusa jicho na kuona ukungu mpaka kesho yake. Matrida alinisimulia habari hiyo akicheka. Nami niliiona ni habari ya utomvu tu, maana miti yenye utomvu unaowasha ni mingi na hatuiogopi.

Matrida alikuwa amerudi kwangu kungojea kujifungua. Mimba mbili za mwanzo zilimharibikia, na mumewe Paschal alikubali kwamba hii ya tatu ikae chini ya macho ya mama yake mpaka mtoto alie. Kila asubuhi, kabla sijamsalimia, nilitazama kwanza tumbo lake, kisha uso wake. Kwa hiyo ukame ule haukuwa kwangu jambo la mahindi peke yake. Nilikuwa na mtu wa kulishwa ambaye ndani yake alikuwamo mtu mwingine.

Katika nyumba yetu mimi nilisonga ugali, na mboga aliipika mama mkwe wangu, Nyangi. Ndivyo nilivyomkuta nilipoolewa na mwanawe Amos, na ndivyo ilivyobaki hata Amos alipokwenda kufanya kazi ya uashi Kiabakari na kutuacha sisi wanawake. Mkamwana hamwulizi mkwewe mboga imechumwa wapi. Ukiuliza, ni kama umemwambia kwamba mkono wake huuamini. Nami sikuwa na sababu ya kuuliza, kwa maana mama huyo aliwahi kutulisha katika njaa kubwa kuliko hii, kwa majani ambayo wengine waliyapita bila kuyaona.

Alikuwa na sheria yake, aliyoirithi kwa mama yake. Jani lolote usilolijua, ngoja kwanza liliwe na ndege. Ukimwona ndege amelila, usilichume siku hiyo. Rudi kesho. Kama ndege yule yuko, anaruka na kulia kama kawaida, jani hilo ni mboga. Kama hayuko, liache hapo lilipo. Kwa sheria hiyo alitupatia majani ya porini ambayo mpaka leo sina jina lake, na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo.

Tatizo ni kwamba ndege wengi hawali majani. Hutafuta mbegu, wadudu au matunda. Anayekula majani kwa kupenda, hapa kwetu, ni kuzumburu, ambaye wengine humwita pasa.

Kuzumburu si ndege wa kusifiwa. Ana rangi ya vumbi, kishungi kichwani, na mkia mrefu kuliko mwili wake. Hasimami juu ya tawi kama wenzake. Hutambaa katikati ya matawi kama panya, na vidole vyake hugeuka mbele au nyuma apendavyo mwenyewe. Akitaka kupumzika huning'inia, miguu imepanda mpaka usawa wa mabega, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Huenda kwa makundi. Mmoja hutoka kichakani akaruka chini chini, moja kwa moja, kisha mwingine, kisha mwingine, kama mawe yanayorushwa na mkono mmoja. Wakitua mahali hamsikii wimbo. Mnasikia kuchanwa kwa majani.

Asubuhi ndipo huonekana wa ajabu zaidi. Kundi zima hujipanga juu ya ua wa boma, wameelekeza matumbo juani, manyoya yamefunuka mpaka ngozi nyeusi inaonekana. Hukaa hivyo kwa muda mrefu, hawali, hawalii. Mama mkwe alisema kwamba wanapika. Jana wamekula vibichi, leo jua linawaivishia tumboni. Nilipenda maelezo hayo kwa sababu yalikuwa ya mtu aliyewatazama kwa makini.

Basi kundi hilo likauvamia mti wa Matrida. Mimea mingine yote ilikuwa imekwisha, nao wakaanza kuuchana kutoka kileleni. Niliona mama mkwe amesimama karibu na bafu, mikono nyuma, akiwatazama. Kesho yake alfajiri alikuwa hapo tena.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi. Nilikwenda kufungua kuku, nikamkuta kuzumburu mmoja ameanguka chini ya ua wa boma. Nilimwokota. Alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, shingo imelegea, macho yamefumba. Nikamwonyesha mama mkwe, na moyoni nilisema kwamba jibu limepatikana. Nilimweka juu ya banda la kuku ili paka asimpate kabla hatujamaliza kumtazama. Jua lilipompata alitetemeka kidogo. Baadaye alifumbua jicho moja, akajikunyata, akajinyoosha, kisha akaruka moja kwa moja hadi kwenye mti ule na kuanza kula.

"Umeona?" mama mkwe akaniambia. "Amefufuka, na kitu cha kwanza alichotafuta ni jani hilo."

Lakini mchana wa siku hiyo niliona jambo jingine. Mbuzi wetu alikata kamba. Mbuzi wa wakati wa ukame hukata chochote, na yule alikwisha kula ndoo ya plastiki ya jirani mpaka mshikio. Alikimbilia kijani kile, akanyoosha shingo, akagusa jani kwa mdomo. Kisha akaguna, akageuka, akaenda kutafuna boksi kavu lililokuwa karibu na jalala. Nilisimama pale nikimtazama.

Nikamwendea mama mkwe kwa adabu. Nilimweleza habari ya mbuzi, na habari ya Fatu na jicho lake. Alinisikiliza akiwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Mama Matrida," akasema, "mbuzi anakulaga mifuko ya nailoni, na leo unamwuliza habari ya mboga? Na huyo Fatu wako alikula jani, au alilitia jichoni? Hata pilipili ukiitia jichoni utalia, lakini kwenye mchuzi unaitafuta."

Matrida alicheka, na mimi nikacheka. Alikuwa na maneno, mama huyo. Lakini nilipotazama chini niliona kikapu chake tayari kina majani yale, yamepangwa vizuri, mabua upande mmoja.

Chakula cha mchana kilitengwa chini ya kivuli cha nyumba. Mboga ilikuwa imeiva vizuri, ya kijani iliyokolea, ikiwa na karanga zetu za mwisho. Mama mkwe alizitoa karanga hizo mahali alipozificha, kwa ajili ya mjukuu wake na aliyekuwa tumboni. Alimtengea Matrida bakuli lililojaa kuliko yetu. Matrida alikuwa na njaa ya mtu mwenye mimba kubwa, njaa isiyosubiri sala iishe. Alikata tonge, akalibonyeza, akalipeleka kwenye mboga.

Nilimshika mkono.

Nakumbuka joto la ugali kati ya vidole vyetu. Nikamwambia mama mkwe kwamba namheshimu, kwamba mkono wake umetulisha miaka yote, lakini leo naomba Matrida asile mboga hii. Ale ugali kwa chumvi. Nitakwenda kwa majirani niombe hata dagaa wa kuonjea.

Mama mkwe hakukasirika kwa sauti. Alilivuta bakuli la Matrida, akalivuta langu, akayamimina yote kwenye sufuria yake.

"Basi nitakula mimi," akasema. "Kesho mtanitazama."

Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, amekaa wima kama mtu aliye mbele ya wageni. Nilimsihi aache. Matrida alilia na kumwita bibi, bibi. Kumnyang'anya mkwe sufuria ni jambo ambalo sikuwahi kuliona wala kulisikia, na mikono yangu haikujua lingeanziwa wapi. Alifuta sufuria kwa tonge la mwisho, akanawa, akaenda kukaa kwenye ngozi yake mlangoni.

Kwanza aliomba maji. Akanywa, akaomba tena. Alisema mdomo wake umekuwa kama kitambaa. Kisha uso wake ukawa mwekundu na mkavu, bila tone la jasho, ingawa jua lilikuwa kali. Nilipomkaribia nikaona macho yake. Mboni zilikuwa zimefunguka mpaka hakuna rangi nyingine iliyobaki, na jua lilimpiga usoni naye hakupepesa macho. Alikuwa anamtazama mtu nyuma yangu. Akamsalimia mtu huyo kwa jina la dada yake, ambaye tulimzika zamani. Wakaanza kuzungumza. Mikono yake ikainuka, akawa anachuma hewani, anachuma na kuweka kikapuni, anachuma na kuweka, wala kikapu hakikuwapo.

Matrida alikimbilia barabarani na tumbo lake, nikimpigia kelele atembee. Alirudi na Evance, mwenye gari dogo la kukodi. Kabla hatujaondoka nilikata tawi la mti ule, nikalifunga ndani ya mfuko. Njia yote hadi Musoma mama mkwe alichuma hewani. Mara moja alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akaniambia kwa upole, kwa kilugha cha nyumbani, kwamba mboga ya mwaka huu ni nyingi na nisiogope.

Hospitalini walitazama tawi kabla ya kumtazama mgonjwa sawasawa. Daktari aliyempokea alikuwa kijana mpole. Alinieleza kwamba mti huo hupandwa kwa uzuri wake, na kwamba kila sehemu yake ni sumu, jani, ua na mbegu. Nilimwuliza kuhusu ndege. Nilimweleza kwamba wanaula, wanalala, wanaamka. Hakunicheka. Alisema amesoma kwamba kuzumburu hula majani na matunda ambayo yangemdhuru mnyama mwingine, na kwamba hata yule niliyemwokota hakuwa ameugua. Ndege hao chakula chao hakina nguvu nyingi, kwa hiyo usiku wa baridi miili yao hupoa kama iliyozimwa, na jua ndilo linalowawasha. Tumbo la kiumbe mmoja haliwezi kutoa ushahidi kwa tumbo la mwingine. Kisha akauliza ni nani mwingine aliyekula. Nilipomwambia kwamba mwenye mimba alikuwa ameshakata tonge, aliandika, akaniambia nimshukuru Mungu.

Wakati mama mkwe angali amelazwa, nilirudi nyumbani, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikaung'oa mti ule na mizizi yake. Sikuuchoma, kwa kuuogopa moshi wake. Niliutumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani na kulifukia. Matrida alisimama mbali akitazama, mkono tumboni, naye hakusikitikia ua lake.

Mama mkwe alipona. Nilimpokea kwa furaha ya kweli, na hapo ndipo hofu yangu ya pili ilipoanza, kwa maana hakukumbuka kitu. Alikumbuka kusugua sufuria kwa majivu. Baada ya hapo alikumbuka kitanda cha hospitali. Sufuria, tonge, dada yake marehemu, mikono yake ikichuma hewani, vyote vilikuwa vimefutika. Tulipomsimulia alitusikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mlevi wa kijiji kingine. Amos alikuja kutoka Kiabakari kumsalimia, akajaribu kumweleza. Alimwambia mwanawe kwamba ilikuwa malaria, na kwamba malaria ya uzee hupanda kichwani.

Kisha akaliona shimo kando ya bafu, akaniuliza ni nani aliyeng'oa mboga yake. Nikamwambia ni mimi, na nikamwambia tena sababu.

"Mnasema niliila," akajibu. "Sufuria nzima, niliila?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na mnaniona?"

Niliinama nikalitazama shimo.

"Basi," akasema, na akaingia ndani.

Nilibaki pale uani nikiyapima maneno hayo. Kwa sheria yake jani lilikuwa limeliwa, na mlaji alikuwa ameonekana kesho yake. Kila tulichofanya ili kumponya kilikuwa kimegeuka ushahidi upande wake.

Tangu siku hiyo nilianza kumfuata kikapuni. Akirudi kutoka porini nilijidai kumsaidia kuchambua, nikageuza kila jani mbele na nyuma. Kuzumburu nao hawakuondoka. Walihamia kwenye vichaka vya bondeni, na mama mkwe aliwafuata huko. Nilimwona kwa mbali amesimama kama zamani, mikono nyuma, akingoja wachague. Usiku nilijiuliza ni jani gani jingine ambalo tumbo lile dogo jeusi linaweza kulivumilia, nami silijui.

Siku moja nilichelewa kisimani. Niliporudi nilimkuta Matrida amekaa kando ya bibi yake, bakuli mapajani, anatafuna. Mboga ilikuwa ya kijani kilichokolea, imekatwakatwa ndogo ndogo mpaka huwezi kulijua jani. Niliuliza imetoka wapi. Mama mkwe alinitazama, akamsogezea Matrida ugali. Safari hii mikono yangu ilijua pa kuanzia. Niliweka ndoo chini, nikachukua bakuli, nikalimwaga mavumbini mbele yake. Nikamwambia Matrida ateme. Nikapiga magoti, nikaichambua mboga ile kwa vidole, kipande kwa kipande, nikaipeleka puani.

Ilikuwa mgagani. Ulikuwa mgagani mtupu, ambao hata mtoto anaujua.

Kuku walikuja wakaanza kudonoa. Mama mkwe aliinuka kwa kujishika ukutani. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amekula katika nyumba hii kabla mimi sijazaliwa, na hajawahi kuona chakula cha mtu kikimwagwa kwa ajili ya kuku. Niliomba radhi. Niliomba kwa moyo wote, na moyo huohuo ulijua kwamba kesho ningemwaga tena.

Asubuhi alitoka na kikapu na kanga zake mbili. Alisema anakwenda Bukima, kwa binti yake Safina, ambako mkono wake bado unaaminiwa. Amos, nilipompigia simu, alisema mama ni mama, nimwache apumzike kwa mwanawe, na akaomba Evance ampeleke hadi Musoma apande gari la huko. Kumzuia ningemzuia kwa lipi? Nilimpa maji ya njiani. Aliyapokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, bila kunitazama.

Safina ni wifi yangu, na ana watoto wadogo wanaofuatana kama ngazi. Bukima nako ukame ulikuwa umefika, na samaki waliovuliwa walikuwa wakiuzwa mjini. Niliipiga simu yake kutwa nzima. Haikupatikana. Matrida aliniambia nikae, lakini kila nilipokaa niliinuka. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, simu yake ikaita.

Safina alipokea kwa furaha. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, mama amefika salama, hana hata uchovu, na watoto wamemrukia. Nilitaka kusema mara moja, lakini alikuwa anaendelea, akicheka, sauti za watoto nyuma yake.

"Tena wifi, hakuja mikono mitupu," akasema. "Kapita Musoma kwenye ua wa watu, kawaona wale ndege zake wanachana majani, kaomba akajaziwa kikapu. Laini hayo, utadhani boga."

Nikamwuliza kama wameshakula.